Mapenzi ya Chuma Kikuukuu: Liemba, Malori na Mafundi Wasioandikwa

Huenda hakuna mtambo nchini Tanzania ulioandikiwa mapenzi mengi kama meli ya MV Liemba. Kwa miongo kadhaa wageni walisafiri kutoka Ulaya na Marekani hadi Kigoma kwa ajili yake tu. Walipiga picha omo yake, wakapapasa ribiti za mabati yake, wakalala usiku mmoja au miwili juu ya injini zake za dizeli, kisha wakarudi kwao kusimulia jinsi kitanda kilivyotetemeka hadi alfajiri. Mapenzi haya yana ndugu zake. Wapo watu, huko ng'ambo na hapa kwetu, wanaopenda malori mazito ya zamani kwa namna ileile. Moshi hauwasumbui, na kelele ndiyo hasa wanayoifuata. Mpenzi wa kweli hulitambua lori kwa mngurumo wake kabla halijatokeza kwenye kona.

Sioni sababu ya kuyabeza mapenzi hayo. Binadamu hupenda kitu kinachofanya kazi mbele ya macho yake, kinachotoa sauti anapokiamsha na kinacholalamika kinapopandishwa mlima. Hata hivyo, mwanahistoria ana wajibu wa kuuliza: anayependwa hapa ni nani? Hoja yangu katika makala haya ni kwamba mtambo unapofikisha umri mkubwa ukiwa bado unafanya kazi, tunachokiona ni jumla ya kazi ya mikono ya watu walioutunza. Tukiusifia mtambo na kuwasahau watu hao, mapenzi yetu yanageuka kuwa kisingizio cha kutotunza. Mwambao wa Ziwa Tanganyika unatupa ushahidi wa kutosha.

Kabla ya injini

Ni vema kuanza na wakati ambapo hapakuwa na injini yoyote. Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji Februari 1858, waliukuta mji wa biashara uliokwisha kuunganishwa na pwani kwa njia ya misafara iliyopita Tabora. Kila kilichoingia na kutoka katika mji ule kilipita juu ya mwili wa binadamu. Nguo, shanga na bunduki vililetwa kichwani au begani. Pembe za ndovu zilirudi pwani kwa njia hiyohiyo, pamoja na watu waliokuwa wenyewe bidhaa sokoni. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walikuwa ndio mfumo wa uchukuzi wa sehemu hii ya Afrika. Walikuwa na ujuzi wao, nidhamu yao na hata namna zao za kugoma mshahara ulipopunjwa. Vitabu vya wasafiri wa Ulaya vimejaa malalamiko juu yao, lakini majina yao ni machache mno.

Nawataja wapagazi kwa sababu mtindo huu wa kuandika, ambamo mzigo unakumbukwa na mbebaji anasahaulika, haukukoma mashine zilipoingia. Ulihamia kwenye mashine.

Meli ndani ya masanduku

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912, na Kigoma Februari 1914. Ni umbali wa takriban kilomita 1,250. Wakati reli ikikaribia ziwa, karakana ya Meyer katika mji wa Papenburg, Ujerumani, ilikuwa imekwisha kuijenga meli mwaka 1913, ikaifungua tena vipande vipande na kuipakia katika masanduku yapatayo 5,000. Masanduku hayo yalivuka bahari hadi Dar es Salaam, yakapanda reli hadi Kigoma. Mafundi watatu wa Kijerumani, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, walitumwa kusimamia kazi ya kuiunga upya, na meli ikashushwa majini tarehe 5 Februari 1915.

Meli ilipewa jina la Graf von Goetzen. Wapenzi wengi wa Liemba hulitamka jina hilo kana kwamba ni pambo la kale. Msomaji wa Kitanzania anapaswa kukumbuka kwamba Gustav Adolf von Götzen alikuwa gavana wa koloni hili kuanzia 1901 hadi 1906, na kwamba ni chini ya utawala wake ndipo Vita vya Majimaji vilipozuka mwaka 1905. Jeshi la Wajerumani lilichoma mashamba na maghala, njaa ikamaliza kile ambacho risasi hazikukifikia. Baadhi ya wanahistoria wanakadiria kuwa watu waliokufa wanafikia 300,000. Hili ndilo jina lililoandikwa ubavuni mwa chombo tunachokiita urithi.

Tuangalie pia nani anayetajwa katika simulizi ya ujenzi. Majina ya Wajerumani watatu yamehifadhiwa, nami nimeyarudia hapo juu kwa sababu yanastahili kukumbukwa. Walifanya kazi ngumu mbali na kwao. Lakini watu watatu hawawezi kubeba masanduku 5,000 wala kugonga ribiti za meli yenye urefu wa zaidi ya mita 70. Vibarua wa Kiafrika na mafundi wa Kihindi waliifanya kazi hiyo. Katika simulizi wanatajwa kama idadi, au hawatajwi kabisa.

Upande wa Waingereza mambo hayakuwa tofauti. Mwaka huohuo wa 1915, Geoffrey Spicer-Simson aliongoza msafara wa kuleta boti mbili ndogo za injini, Mimi na Toutou, kutoka London hadi Ziwa Tanganyika. Zilipanda reli kutoka Cape Town hadi Fungurume, Katanga. Kutoka hapo ziliburutwa kuvuka milima ya Mitumba kwa matrekta mawili makubwa ya mvuke, yakisaidiwa na ng'ombe. Kwa wapenzi wa mitambo mizito, huu ni mkasa wa kusimuliwa usiku kucha. Ila matrekta hayo yasingesogea hatua moja bila mamia ya vibarua waliofyeka njia na kujenga madaraja ya magogo, na bila wanawake wa vijijini walioteka maji na kuyabeba kwa vyungu ili kuyanywesha maboila. Mashine ilikuwa na kiu, na waliokata kiu yake ni watu wasio na majina.

Grisi na dizeli

Julai 1916, Wajerumani walipolazimika kuihama Kigoma, waliizamisha meli yao tarehe 26 karibu na mlango wa Mto Malagarasi. Hapa ndipo penye somo ninalolipenda kuliko yote katika historia hii. Mafundi wale hawakuivunja meli. Walizipaka injini grisi nene, kisha wakaizamisha wakitarajia kwamba siku moja itaibuliwa. Wabelgiji waliiibua mwaka 1918, ikazama tena kwa dhoruba mwaka 1920. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, wakakuta injini na maboila bado vinafaa. Mwezi Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya la Liemba, jina ambalo David Livingstone alilisikia likitumika kwa upande wa kusini wa ziwa.

Kwa maneno mengine, meli hii ipo kwa sababu kuna mtu aliyejali grisi katikati ya vita. Ubora wa chuma cha Papenburg peke yake usingetosha.

Jambo la pili ambalo wapenzi wengi hulipita haraka ni kwamba injini wanazozisikia si za mwaka 1913. Injini za mvuke ziliondolewa katika miaka ya 1970 na kuwekwa za dizeli. Mwaka 1993, kwa msaada wa Denmark, meli ilikarabatiwa tena na kupewa injini mpya. Mtetemo ule ambao mgeni anausimulia kama sauti ya enzi ya Kaizari ni sauti ya Tanzania huru, ya bajeti zake, wafadhili wake na mafundi wake. Kilichobaki cha kale ni umbo na sehemu kubwa ya mabati. Kila kilichozunguka, kilichosukuma na kilichosaga kimebadilishwa, kimechongwa au kimeunganishwa upya na mikono ya watu wa Kigoma.

Malori na elimu ya uhaba

Tukiyaacha maji na kupanda barabarani, tunakuta historia ileile. Katika miaka ya 1970 na 1980 nchi yetu iliendeshwa kwa malori yaliyozeeka kabla ya wakati. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikachukua magari na fedha za kigeni. Kibaha palikuwa na kiwanda cha TAMCO kilichounganisha malori ya Scania, lakini lori likishatoka kiwandani lilihitaji vipuri, na vipuri vilihitaji dola ambazo hazikuwepo.

Katika hali hiyo kilizaliwa chuo ambacho hakijawahi kutoa cheti. Kilikuwa chini ya miembe, kando ya vituo vya mafuta, katika zile tunazoziita gereji bubu. Humo pistoni ya lori moja ilichongwa ikaingia kwenye jingine, gasketi ilikatwa kwa mkasi, springi iliyokatika ilirudishwa kwa mhunzi. Fundi aliweka bisibisi juu ya injini, akatega sikio kwenye mpini, akasema ni silinda ya ngapi inayougua. Mwanafunzi wake alikuwa utingo, kijana aliyeanza kwa kuweka vigingi nyuma ya matairi na kuishia kuijua injini nzima kwa kuisikiliza.

Kwa Mkoa wa Kigoma elimu hii ilikuwa suala la kula au kulala njaa. Barabara ya kutoka Nyakanazi kupita Kibondo na Kasulu ilibaki ya udongo kwa miaka mingi. Mvua zikinyesha, lori lilinasa kwa siku, wakati mwingine zaidi. Wilaya hizo ndizo zilizowapokea wakimbizi wa Burundi mwaka 1993 na wa Kongo kuanzia 1996, na chakula chao kilifika kambini juu ya matairi. Lori kuukuu likisikika likipanda mlima kwa gia nzito, waliolisikia hawakuwaza urithi. Waliwaza unga, chumvi, sabuni na barua.

Masikio mawili

Hapa tunafika kwenye kiini. Kelele moja husikilizwa na masikio mawili tofauti.

Kule Dorset, kusini mwa Uingereza, tangu mwaka 1969 watu walianza kukusanyika katika maonyesho makubwa ya mitambo ya mvuke na magari ya kazi ya zamani. Wenye malori huyasugua hadi yang'ae, huyawasha, na umati husimama kusikiliza. Ni starehe halali kabisa. Inawezekana kwa sababu malori hayo yamestaafu. Hakuna mkulima anayesubiri gunia lake, na likishindwa kuwaka hakuna anayelala njaa. Umbali kati ya mashine na riziki ndio unaoifanya kelele iwe muziki.

Katika vijiji vya mwambao, kama Lagosa, Ikola, Kipili na Kirando, honi ya Liemba ilisikilizwa kwa sikio jingine. Sehemu kubwa ya vituo vyake kati ya Kigoma na Mpulungu, Zambia, haikuwa na gati. Meli ilisimama mbali na ufuko, mara nyingi usiku, na mitumbwi ikaizunguka kupokea na kupandisha watu, magunia ya dagaa wakavu, mahindi, kuku, mgonjwa anayepelekwa hospitali, mwanafunzi anayerudi shuleni. Kwa watu hawa mngurumo ulikuwa ratiba. Ulikuwa pia ahadi ya serikali, pengine ahadi pekee ya serikali iliyowafikia kwa uhakika.

Mwaka 2015 masikio haya mawili yalikutana kwa namna ambayo haipaswi kusahaulika. Liemba ilikuwa inatimiza miaka 100 tangu kushushwa majini, na huko Ulaya yaliandikwa makala mengi ya kuisifu ajuza huyo wa chuma. Mwezi Mei mwaka huohuo, makumi ya maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko walijikuta wamebanwa katika kijiji kidogo cha Kagunga, mpakani, kati ya milima na ziwa, bila barabara ya gari. Kipindupindu kikaingia. Chombo kikubwa kilichoweza kuwatoa kilikuwa Liemba. Ilisimama majini, ikawapakia watu wapatao 600 kwa safari moja, ikawashusha Kigoma, ambako mabasi yaliwachukua kuwapeleka kambi ya Nyarugusu. Ikarudi tena na tena. Miaka ya 1990 iliwahi pia kuwarudisha makwao maelfu ya wakimbizi wa Kongo. Sijui sherehe ya miaka 100 iliyo bora kuliko hiyo, lakini najua pia kwamba taifa halipaswi kutegemea chombo kimoja cha mwaka 1913 kuokoa maisha ya watu. Vyombo vingine vya umma ziwani, kama MV Mwongozo, vilikuwa na matatizo yao, na kijiji kiliingoja meli moja.

Umri si hoja

Mtumishi wa umma anayesoma makala haya anaweza kusema: basi tuachane na vikuukuu, tununue vipya. Ni jibu rahisi, na nusu yake ni kweli. Lakini historia ya maziwa yetu inatuonya.

MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996 na kuua mamia ya watu. Ilikuwa imejengwa mwaka 1979, yaani ilikuwa na umri wa takriban miaka 17 tu. MV Nyerere ilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, ikaua zaidi ya watu 200. Ilikuwa ya mwaka 2004. Vyombo vyote viwili vilikuwa vichanga mbele ya Liemba. Katika mikasa yote miwili, ujazo uliopita kiasi ulikuwa sehemu ya maelezo, na nyuma ya ujazo huo kulikuwa na uhaba wa safari, usimamizi hafifu na mazoea ya kusema "itafika tu". Chombo kipya katika mikono ya uzembe huzeeka kwa siku moja. Chombo cha zamani katika mikono ya uangalifu kinaweza kuhudumia vizazi vitatu.

Kwa hiyo mpenzi wa mitambo ya kale na mtetezi wa vifaa vipya wote wanaweza kukosea kwa namna moja: wanautazama mtambo na kuwasahau wanaoutunza. Wa kwanza anaamini chuma cha zamani kilikuwa imara kuliko cha leo. Wa pili anaamini upya wa chuma unatosha. Kati yao amesimama fundi mwenye mikono ya grisi, mshahara wake umechelewa, oda yake ya vipuri iko mezani kwa mtu.

Tufanye nini na mapenzi haya?

Liemba iliacha kutoa huduma zake za kawaida mwishoni mwa muongo wa 2010, na Serikali ikaingia mkataba wa kuifanyia ukarabati mkubwa. Ni hatua njema. Nchini Ujerumani nako, kwa miaka mingi, umekuwepo mjadala kuhusu wajibu wa nchi hiyo kuisaidia meli iliyotoka kwao. Misaada ikija, ipokelewe. Hata hivyo kuna mambo matatu ambayo hakuna mgeni anayeweza kutufanyia.

La kwanza ni bajeti ya matengenezo. Katika taasisi zetu, kununua ni tukio lenye utepe na kamera, ilhali kutunza hakuna sherehe. Matokeo yake fungu la matengenezo ndilo la kwanza kukatwa. Wanaharakati wanaofuatilia matumizi ya umma wangefanya kazi kubwa kwa kuuliza kila mwaka swali moja tu: kwa kila chombo cha umma, ni kiasi gani kimetengwa kukitunza, na ni kiasi gani kimetolewa kweli?

La pili ni ratiba. Ukarabati upimwe kwa idadi ya safari zitakazofika Kirando na Kasanga kwa wakati, na kwa gati zitakazojengwa ili mjamzito asilazimike kupanda meli kutoka kwenye mtumbwi usiku. Kivutio cha watalii kitakuja kama faida ya ziada. Meli inayong'aa gatini Kigoma huku vijiji vikisafiri kwa maboti ya mbao yaliyoshindilia watu itakuwa jumba la makumbusho lenye gharama kubwa ya kibinadamu.

La tatu ni kumbukumbu, na hili nalielekeza kwa wanafunzi wangu na wa vyuo vingine. Wapo Kigoma, Ujiji, Kasulu na Tabora mafundi wastaafu wa meli, wa reli na wa malori. Wanajua injini zilivyobadilishwa, nani alichonga kipuri kipi wakati hakuna dola, dhoruba ipi ilivunja nini. Ujuzi huo haumo katika kitabu chochote; umo katika masikio na viganja vyao, na kila mwaka baadhi yao wanazikwa nao. Anayetafuta mada ya tasnifu aende akae nao, awarekodi, aandike majina yao kwa ridhaa yao. Tunayo majina ya Wajerumani watatu walioiunga meli. Ni aibu ya kitaaluma kwamba hatuna orodha ya Watanzania walioiendesha na kuitunza kwa miaka zaidi ya 60 tangu Uhuru.

Anayependa mngurumo wa dizeli kuukuu na aupende. Namwomba tu kwamba siku atakapousikia, iwe ni Liemba inayotoka Kigoma au lori linalopanda milima ya Kasulu kwa gia ya kwanza, aulize kabla ya kupiga picha: nani aliyeitengeneza injini hii mara ya mwisho, na je, alilipwa?